Safu ya Mhandisi: Maji ya Mlimani Yapelekwe Wapi?

SWALI: Ndugu Mhandisi, salaam. Mtaa wetu uko kwenye mteremko hapa Nyasaka, Ilemela. Tulichanga fedha, tukajengewa mtaro wa zege kando ya barabara ya mtaa. Sasa pale mtaro unapokomea pamechimbika korongo ambalo kila masika linazidi kupanda kuelekea nyumba ya jirani, na huko chini barabara hujaa maji na tope hadi bodaboda hazipiti. Fundi anashauri turefushe mtaro na kulifukia korongo kwa kifusi. Je, tumsikilize?
Msomaji, Nyasaka

JIBU: Ndugu msomaji, naomba fundi wenu asubiri kidogo. Mtaro wa zege haupunguzi maji hata tone. Kazi yake ni kuyakusanya na kuyaharakisha, na maji hayo yakitua ghafla kwenye udongo wa kichanga, kama ule unaopatikana katikati ya miamba yetu ya itale, huuchimba bila shida. Kisha korongo hukua kinyume na wengi wanavyodhani: ukingo wake wa juu humeguka na kurudi nyuma, ndiyo sababu linawafuata ninyi badala ya kuwakimbia. Mkirefusha mtaro bila kuandaa mahali pa kuupokea, mtakuwa mmemhamishia korongo jirani wa chini. Nacho kifusi kitasombwa na mvua kubwa ya kwanza na kwenda kuziba kalavati la barabara, yaani bomba linalopitisha maji chini yake.

Mpango mzuri huanzia chini. Yafuateni maji mvua inaponyesha, kwa tahadhari, hadi yanapoingia mtoni au ziwani, na mpime kila kalavati lililopo njiani. Baada ya hapo pandeni hadi kileleni mkachore mpaka wa eneo lote linalowaletea maji, yakiwemo maji ya mtaa wa juu yanayovuka barabara kuja kwenu. Watu wengi huchora mpaka wa mtaa wao tu, ilhali maji hayajui mipaka ya mtaa.

Sasa fanyeni hesabu. Chukueni sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kuzama ardhini, mzidishe kwa kasi ya mvua kwa milimita kwa saa, mzidishe tena kwa eneo kwa hekta, kisha mgawanye kwa 360. Jibu ni mita za ujazo kwa sekunde. Tuseme, kwa mfano tu, mlima wenu una hekta 10 na mvua kali inashuka kwa milimita 60 kwa saa. Mlima ulipokuwa na vichaka, sehemu iliyotiririka pengine ilikuwa 0.3, na jibu ni 0.5. Leo kuna mabati, sakafu za saruji na ua zilizoshindiliwa. Sehemu hiyo ikifika 0.7, jibu linakuwa karibu 1.2. Kalavati la bomba la milimita 600 lililolazwa kwenye mteremko wa asilimia moja hupitisha takriban mita za ujazo 0.6 kwa sekunde. Kwa hiyo bomba lililotosha zamani sasa linapitisha nusu tu, na nusu nyingine inapita juu ya lami. La milimita 900 kwenye mteremko uleule hupitisha takriban 1.8, lakini msikimbilie kulibadilisha kabla ya kujua kama mkondo ulio chini yake utahimili maji hayo.

Kuhusu korongo lenyewe, jengeni ndani yake kuta fupi za gabioni, yaani nyavu za waya zilizojazwa mawe, na mawe hayatupi shida hapa Mwanza. Kila ukuta uzamishwe kwenye kingo zote mbili, katikati uwe chini kuliko pembeni ili maji yasiuzunguke, na chini yake pawe na zulia la mawe makubwa ya kupokea maji yanayodondoka. Umbali kati ya kuta hupimwa hivi: mdomo wa ukuta wa chini ulingane na kitako cha ukuta wa juu yake. Tope litajaa nyuma ya kuta, mteremko utalainika, na hapo ndipo majani ya vetiva yapandwe. Viroba vya mchanga vitawasaidia kwa msimu mmoja au miwili tu, kwa kuwa jua huvichanachana.

Matangi ya paa nayo yanasaidia: paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 hutoa lita 5,000. Ila tangi lililojaa tangu jana halizuii chochote leo.

SWALI: Sisi tuko ufukweni, Kirumba. Mtaro wetu ni mpana na hauna taka, lakini barabara hufurika hata mvua ikiwa ndogo. Tatizo ni nini?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Angalieni mdomo wa mtaro ukilinganisha na usawa wa ziwa. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu 1964, na mitaro iliyopimwa wakati ziwa limeshuka ilijikuta midomo yake imezama. Maji yakikosa mwanguko husimama, mchanga hutuama, na kupanua mtaro hakusaidii. Inawezekana ikabidi barabara iinuliwe, na maji ya mlimani yapewe njia yao yasikutane na ya ufukweni. Msijenge chochote kwenye ukanda wa mita 60 kutoka ziwani, ambao Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaulinda.

SWALI: Maombi ya mtaro tupeleke kwa nani?
Msomaji, Buhongwa

JIBU: Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, yaani Wakala wa Barabara Tanzania, za mitaa ziko chini ya TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, iliyoanza kazi mwaka 2017, mikondo iliyo nje ya barabara iulizeni halmashauri. Barua ianzie kwa mwenyekiti wa mtaa, ipitie kata, na iambatane na mchoro wa njia ya maji pamoja na picha zilizopigwa mvua ikinyesha, kwa sababu picha ya kiangazi humwonyesha mhandisi mtaro mkavu tu.