Usianze na Upande B, dada yangu

Dada, umesema umepata Upande B peke yake wa filamu ya Sapta Saagaradaache Ello, na unauliza kama unaweza kuuanza huo huo. Nakusihi usifanye hivyo. Utafute kwanza Upande A, hata kama itakuchukua wiki nzima.

Hii ni hadithi moja ya mapenzi, ya Kikannada (lugha ya jimbo la Karnataka, kusini mwa India), iliyokatwa katikati kama pande mbili za kaseti. Mwongozaji Hemanth M. Rao aliutoa Upande A tarehe 1 Septemba 2023, na Upande B ukaingia kumbini tarehe 17 Novemba mwaka huo huo. Watazamaji wa Karnataka walikaa na kidonda walichoachiwa na Upande A wiki 11.

Manu (Rakshit Shetty) ni dereva wa tajiri mmoja mjini Bengaluru. Priya (Rukmini Vasanth) anaimba, na ndoto yao ni nyumba karibu na bahari. Mtoto wa tajiri anamgonga mtu kwa gari, Manu anakubali kubeba kosa lile kwa ahadi ya pesa, akidhani atatoka jela upesi. Hapo ndipo moyo unaanza kukuuma.

Upande B unaanza miaka kumi baadaye. Usipomjua Priya wa mwanzo, utamwona Manu kama mtu msumbufu tu, na hutaelewa anachokitafuta. Angalia pia rangi: kwanza buluu ya bahari imetawala, kisha nyekundu.

Upande wenye tafsiri ya maandishi ndio mzuri zaidi kuliko ule uliotiwa sauti za lugha nyingine. Sauti ya Priya isifunikwe na mtu mwingine.