Dioksini Hukaa Topeni Kuliko Majini

SWALI: Mhariri, nina shamba dogo Njiru, kando ya Mto Nairobi, chini ya jaa la Dandora. Namwagilia sukumawiki kwa maji ya mto, nafuga kuku wa kienyeji, na vijana huniuzia kambare waliovuliwa hapa hapa. Nimesikia kwamba moshi wa taka una sumu iitwayo dioksini, nayo imeingia mtoni. Je, nikiyachemsha maji au kuyatia klorini, itakwisha? – Mama wa Njiru

JIBU: Haitakwisha, mama, kwa maana kuchemsha na klorini ni silaha dhidi ya vijidudu, ilhali dioksini huhitaji tanuri lenye joto la zaidi ya nyuzi 850 ili iharibike. Hata hivyo, maji si mahali pa kwanza pa kuitafuta.

Sumu hii huzaliwa pale taka zenye klorini zinapoungua kwa moto hafifu. Umewaona vijana wanaotafuta shaba: hurundika nyaya juu ya tairi kuukuu, huziwasha, ngozi ya plastiki huyeyuka kwa moshi mweusi mzito, kisha huparua majivu na kuokota waya mwekundu. Plastiki hiyo mara nyingi ni ya PVC, ambayo imejaa klorini, na shaba yenyewe huchochea dioksini kuundwa. Majivu yanayobaki husombwa na mvua ya masika hadi mtoni.

Ikishafika mtoni, dioksini haiyeyuki kwa urahisi, bali hung'ang'ania chembe laini za tope na mabaki ya mimea, ikazama mahali mkondo unapopungua nguvu, yaani kwenye kona, matete na mabwawa. Ndiyo maana maji ya juu ya bwawa yanaweza kuonekana safi na hata kupimwa yakawa na dioksini kidogo mno, huku mashapo ya chini yakiwa yamehifadhi uchafu wa miongo kadhaa. Huko Newark, Marekani, kiwanda kimoja kilichotengeneza dawa ya magugu iliyotumika katika Vita vya Vietnam kilifungwa mwaka 1969, lakini tope la Mto Passaic lilikuwa bado na sumu kiasi kwamba mwaka 2016 serikali iliamua lichimbuliwe ukingo hadi ukingo katika kilomita 13 hivi za mwisho za mto huo. Kwa hiyo usikubali kutandaziwa shambani tope la mto kama mbolea, hata likiwa jeusi la kuvutia kiasi gani.

Kutoka topeni sumu huingia kwa minyoo na wadudu, kisha kwa samaki wanaotafuta chakula chini, na kambare ni mmoja wao. Hujikusanya kwenye mafuta ya samaki. Ningekushauri uache kabisa kula kambare wa sehemu hiyo ya mto. Kuondoa ngozi na mafuta ya tumbo hupunguza sumu, lakini hakuimalizi.

Kuku wako wananitia wasiwasi zaidi kuliko sukumawiki. Kuku wa kienyeji hudonoa udongo mchana kutwa, na mayai yaliyopimwa karibu na jaa la Dandora, matokeo yakatangazwa mwaka 2005, yalizidi kiwango kinachoruhusiwa na Umoja wa Ulaya. Wafungie kwenye banda lenye sakafu, na usiwamwagie majivu ya kuogea. Mizizi ya sukumawiki hainyonyi dioksini kwa wingi, ingawa jamii ya maboga huinyonya. Majani yaoshe vizuri kuondoa vumbi. Maji ya mto huo yana maovu mengine, kama vile kinyesi na madini ya risasi, na hayo ni sababu tosha ya kutafuta maji mbadala.

SWALI: Ninaishi Korogocho na ninanyonyesha. Nimeambiwa dioksini hupita kwenye maziwa ya mama. Je, niache? – Msomaji

JIBU: Usiache. Ni kweli kwamba hupita, kwa kuwa maziwa yana mafuta, lakini Shirika la Afya Duniani linaendelea kushauri watoto wanyonyeshwe, maana faida ni kubwa kuliko hatari hiyo. Nusu ya dioksini iliyomo mwilini huchukua miaka 7 hadi 11 kutoka, kwa hiyo kubadili chakula wiki hii hakutabadili maziwa ya wiki ijayo. Kutachangia kupunguza kiasi atakachopata mtoto utakayemzaa baadaye.