Sanidi OSPF kwa ajili ya siku kebo itakapokatika

Kwa muda mrefu nilikuwa naandika njia za pakiti kwa mkono kwenye kila swichi. Ukiwa na swichi tatu na VLAN tano (mitandao iliyotengwa ndani ya swichi zile zile), kazi hiyo haichoshi: mistari michache, unahifadhi, unaondoka. Kilichonibadilisha ni usiku mmoja ambapo kebo kati ya swichi mbili ilikatika. Swichi zilikuwa zimeungwa pembetatu, kwa hiyo njia ya kuzungukia ilikuwepo, nzima kabisa, taa zinawaka. Haikutumika. Jedwali la njia liliendelea kuzielekeza pakiti kwenye kebo iliyokufa, maana njia ya mkono hukaa palepale mpaka kiolesura chake, yaani mlango wa swichi inaotokea, kianguke, na changu hakikuanguka. Sababu yake nitaifikia, kwa kuwa ilinifuata hata baada ya kuhamia OSPF, itifaki inayozifanya swichi zijulishane njia zenyewe.

Kwa nini sikuchagua RIP, itifaki nyingine ya kujulishana njia? Kuianza ni rahisi kweli, lakini hurudia kutangaza jedwali zima kila sekunde 30, huhesabu idadi ya ruta za kupitia bila kujali kama waya ni wa megabiti 100 au gigabiti 10, na njia ikinyamaza husubiri sekunde 180 kabla ya kuikatia tamaa. Jifunzie nayo ukipenda. Kwenye mtandao wenye watu, weka OSPF, eneo moja tu, yaani eneo 0. Usihangaike na maeneo mengi kwa swichi chache.

Huu ndio usanidi ninaoanza nao sasa, kwa upande mmoja, kwa amri za Cisco:

```
ip routing
interface GigabitEthernet1/0/24
 no switchport
 ip address 10.0.12.1 255.255.255.252
 ip ospf network point-to-point
router ospf 1
 router-id 1.1.1.1
 passive-interface default
 no passive-interface GigabitEthernet1/0/24
 network 10.0.0.0 0.255.255.255 area 0
```

Mstari wa kwanza husahaulika sana. Swichi nyingi hutoka kiwandani zikiwa hazielekezi pakiti kati ya mitandao mpaka uziamuru. Router-id iandike mwenyewe. Ukiiacha, swichi itajichagulia kutoka kwenye anwani zake, na siku ikizimwa na kuwashwa inaweza kurudi na kitambulisho kingine. Mistari ya passive inazima hello, yaani pakiti fupi ambazo OSPF hutafutia majirani, kwenye poti zote isipokuwa zile zinazounganisha swichi. Mitandao ya watumiaji bado itatangazwa, ila mtu akichomeka laptopu ukutani hataweza kujifanya jirani wa swichi yako.

Kama una viungo vya gigabiti 1 na 10 pamoja, ongeza `auto-cost reference-bandwidth 100000` kwenye swichi zote. Bila hiyo, kipimo cha kawaida ni megabiti 100, na chochote chenye kasi hiyo au zaidi kinahesabiwa gharama 1, kwa hiyo OSPF haioni tofauti.

Sasa angalia `show ip ospf neighbor`. Kwenye kiungo cha swichi mbili unataka FULL, yaani ujirani uliokamilika, si vinginevyo. Mimi niliwahi kukaa saa nzima nikitazama EXSTART, hatua ambapo swichi ndiyo kwanza zinajiandaa kubadilishana taarifa. Ping ilipita, hello zilionekana, eneo lilikuwa moja, maski zililingana. Kumbe upande mmoja MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti kwa baiti, ilikuwa 9000 na upande wa pili 1500. Pakiti ndogo za ping na hello hupita bila shida, lakini swichi zikianza kubadilishana orodha ya wanachokijua, kila moja hutaja MTU yake, na yenye ndogo huikataa yenye kubwa. Ipo amri ya kupuuza tofauti hiyo, `ip ospf mtu-ignore`. Naomba usiitumie, linganisha MTU zenyewe, kisha thibitisha kwa ping kubwa isiyoruhusiwa kukatwa vipande.

Tuje kwenye kile kiolesura kilichokataa kuanguka. Swichi zangu zilikuwa zinaongea kupitia kiolesura cha VLAN, si poti zenyewe. Kiolesura cha VLAN hubaki hai ilimradi poti hata moja ya VLAN hiyo iko hai. Kebo inakatika, poti ya 24 inazima, lakini VLAN hiyo hiyo inapita pia kwenye poti ya 23 kwenda swichi ya tatu, basi kwa macho ya jedwali hakuna kilichotokea. Ndiyo maana njia za mkono ziliganda. Nilipoweka OSPF juu ya VLAN ile ile mambo yalikuwa nafuu, lakini si sana: ilibidi isubiri hello za jirani zikosekane kwa sekunde 40 ndipo imtangaze amekufa. Sekunde 40 zinatosha simu za watu kukatika.

Dawa ni ile `no switchport`: poti inakuwa na anwani yake, na ikizima, OSPF inajua papo hapo. Lakini poti hiyo haitabeba tena VLAN, kwa hiyo kama una VLAN iliyotandazwa kwenye swichi zote, panga upya anwani kwanza. Na kama unafanya kazi kwa mbali kupitia poti hiyo hiyo, hifadhi usanidi mzuri, piga `reload in 10`, ndipo ubadilishe. Ukijifungia nje, swichi itajiwasha upya na usanidi wa zamani. Ukifanikiwa, `reload cancel`.

Halafu chomoa kebo. Kwa mkono wako, ping ya mfululizo ikiendelea, muda ambao umewaarifu watumiaji. Chomoa kila upande wa pembetatu kwa zamu, si mmoja tu. Nilipofanya hivyo, pande mbili zilirudi ndani ya sekunde chache, lakini wa tatu ulichukua zile zile 40. Katikati yake palikuwa na kigeuzi cha faiba: nilichomoa faiba, lakini taa ya poti kwenye swichi iliendelea kuwaka, kwa kuwa kebo fupi kutoka kwenye kigeuzi ilikuwa nzima. Hapo nilishusha hello iwe sekunde 1 na muda wa kufa sekunde 4, pande zote mbili, maana zisipolingana ujirani haufungi kabisa. Kisha nikachomoa tena.