Mnaokwenda kuchora Mikindani, kivuli kwanza

Mkuu hapana. Umeuliza mbebe rangi gani na mlale wapi, ila mimi nimeshtuka hapo uliposema mnafika Mikindani, huku Mtwara, saa nne, mnaweka stendi za kuchorea pale wazi mkiangalia ghuba, mnachora mpaka saa nane. Mtaumia. Na mwishoni mwa Oktoba ndo kabisa, huku kusini jua la saa sita linakaa utosini, kile kivuli cha ukuta ulichokaa nacho asubuhi kinaishia kwenye vidole vya miguu.

Sisi alituponza mwalimu mmoja wa kozi ya mtandaoni, yuko Ulaya, eti karatasi ikae juani ndo uzione rangi vizuri. Kwao jua linatafutwa bana, huku linakimbiwa! Tukakaa juani tunachora Boma, lile la Mjerumani la 1895 ambalo siku hizi ni hoteli. Rangi za akriliki, hizi zinazokauka haraka, zikaganda kwenye paleti, kile kibao cha kuchanganyia, brashi zikakakamaa, hilo dogo. Balaa ni mwanga. Karatasi nyeupe ikipigwa na jua inaumiza macho, kila rangi unaiona imepauka, basi unakoleza, unakoleza tena, na ukiwa pale nje picha inapendeza kweli. Iingize ndani sasa! Ukuta wa chokaa umekuwa matope, na zile sehemu plasta imebanduka mawe ya matumbawe yanaonekana na vitundu vyake, ambazo ndo utamu wote wa nyumba za Mikindani, zimebaki madoa meusi. Na zilikuwa picha za oda. Mteja kaziangalia sebuleni kwake, kazikataa zote, hela ya vifaa imeenda hivyo. Mwalimu kuulizwa anajibu "ongeza mazoezi". Nina hasira naye mpaka leo.

Kwa hiyo kivuli kwanza, mandhari baadaye, na kivuli kiwe chako NA cha karatasi, kofia peke yake haisaidii kitu. Mbuyu msiutegemee, kiangazi unakuwa hauna majani. Mwembe sawa. Mwavuli uwe mweusi au wa kijivu, ule mwekundu unamwaga wekundu kwenye karatasi nzima. Ila bora kuliko vyote baraza la mtu: piga hodi, waamkieni wazee shikamoo, waelezeni mnachofanya, ombeni pa kukaa. Mkishapewa, chora kinachoonekana kutokea hapo hapo, hata kama ni mlango mmoja tu wa nakshi na ndoo imeegeshwa pembeni, na yule rafiki atakayesema twendeni ufukweni kuna mandhari kali, mwambieni asubiri mpaka saa kumi.