Mafundi mnaoanza kufunga chaja za gari majumbani: pima ethi na waya kwanza, boksi baadaye

Wadogo zangu mnaotoka VETA na kuanza kupata hizi kazi, hapa Mtwara bado ni chache ila zinakuja, na karibu kila mteja anaanza na swali moja: fundi, ninunue chaja gani? Usimjibu palepale. Mwambie nije nione nyumba kwanza.

Mi nilijifunzia kwa mwalimu mmoja mstaafu wa Mikindani, kaleta Nissan Leaf ya mtumba toka Japani, anachaji kwenye soketi ya barazani, wiki ya pili akanipigia, "mwanangu njoo, kuna harufu ya plastiki hapa." Nikafika, shikamoo mwalimu, nikagusa plagi, moto. Kuichomoa naona pini ya fezi imekuwa nyeusi inayovutia bluu, tundu la soketi limevimba pembeni, nikafungua nyuma, skrubu inayobana waya nikaizungusha kwa vidole bila bisibisi, na shaba yenyewe ina ukungu wa kijani. Hiyo ni chumvi ya bahari. Mwalimu anashangaa, soketi hiyohiyo inachemsha birika miaka yote.

Sasa shikeni hapo, maana ndo kazi yote ilipo. Birika linavuta sana lakini dakika tano limemaliza, soketi inapoa. Gari linavuta ampea 10 masaa nane, kumi, usiku kucha, kila siku, na kiungo kilicholegea kidogo tu hakipati muda wa kupoa. Plagi ya pini tatu imeandikwa 13 lakini kwa gari usivuke 10, na iwe soketi mpya nzuri yenye laini yake peke yake toka kwenye DB (boksi kuu la breka za nyumba), isichangie na friji. Ekstensheni hapana kabisa, hasa ile ya kuzungushwa kwenye gurudumu, ikiwa imejikunja inajipika yenyewe.

Afu uliza anaendesha kilometa ngapi, watu wanaruka hili swali. Ampea 10 kwa volti 230 ni kilowati 2.3. Kutoka mjini mpaka Mikindani na kurudi ni kama kilometa 20, gari dogo linakula yuniti tatu nne hivi, masaa mawili umerudisha. Huyo hahitaji chaja ya ampea 32. Anayekwenda Lindi na kurudi mara kwa mara ndo umfikirie. Na angalia gari lenyewe linapokea kiasi gani, Leaf nyingi za mwanzo chaja yake ya ndani ni kilowati 3.3, ukimfungia boksi la kilowati 7, yaani hiyo ya ampea 32, umemtupia hela yake bure, gari halitachaji haraka zaidi. Angalia na tundu pia: za Japani nyingi ni Type 1, za Ulaya Type 2, za China zinaweza kuja na GB/T, tundu la kwao wenyewe, mteja asinunue kebo kabla hujaliona gari. Na kama yuko kwenye tarifu ya matumizi madogo, yuniti 75 kwa mwezi, mwambie mapema kwamba gari litamtoa humo, asije akadhani umemharibia LUKU.

Ethi. Hapa nawaomba sana. Nyumba zetu nyingi zinategemea fimbo yao wenyewe iliyochimbiwa uani, na huku pwani ardhi ni mchanga au jiwe la matumbawe, fundi anagonga fimbo inagoma, anaikata juu anafukia, mwenye nyumba hajui. Pima kwa mita ya ethi, usiamini macho. Fanya hesabu: ethi ikiwa omu 50, fezi ikigusa bodi ya gari zitapita ampea 4.6 tu (230 gawa kwa 50), sakiti breka ya 32 haitashtuka hata kidogo na bodi inabaki na umeme, na mtoto anacheza pale peku ardhi imelowa. Kinachomuokoa ni RCD ya miliampea 30, swichi inayokata umeme ikiona unavuja. Lakini isiwe ile aina AC ya bei rahisi iliyojaa madukani, gari linaweza kuvujisha umeme wa DC, ule wa aina ya betri, na huo unaipumbaza RCD hiyo isikate. Kama chaja ina kinga yake ya ndani ya DC miliampea 6, weka RCD aina A. Kama haina, ni aina B, na ni ghali kweli, kwa hiyo soma karatasi ya chaja kabla ya kumpa mteja bei.

Waya pimeni umbali. DB ipo mbele, gari linalala nyuma chini ya mwembe, mita 40, kwa ampea 32 waya wa mm 6 unakupotezea volti kama 9, mm 10 kama 5 na kitu, na jioni umeme wenyewe unaweza kuwa umeshashuka. Tena waya ulio ndani ya paipu kwenye ukuta unaopigwa na jua la huku unabeba pungufu ya namba ya kwenye katalogi. Nyumba yenye viyoyozi viwili na hita tayari ina mzigo mkubwa, na chaja nyingi zina swichi ndani ya kushusha mpaka ampea 16, ishushe, usiku mmoja bado zinaingia yuniti karibu 30.

Mwalimu nilimvutia laini mpya, boksi la IP65 lisiloingiza vumbi wala maji ya kurushwa, fimbo nikahamishia upande wa bafu la nje ambako udongo una unyevu, ikasoma vizuri. Akiwasha jenereta dogo gari linagoma kuchaji, sio ubovu, chaja inaona ethi haijakamilika, msije mkaanza kuifungua.

Ukimaliza usiondoke. Chomeka gari, kaa saa nzima, gusa kava la breka na plagi kwa mgongo wa mkono, ukikuta kiungo kina moto, zima umeme, kiache kipoe, ukikaze upya. Afu rudi baada ya mwezi na bisibisi, kaza skrubu zote tena.