Wiki moja kwa mashua ya tanga Ugiriki: Mykonos na Santorini ziacheni kwanza

Mkuu, umeuliza kama wanne msiojua bahari mnaweza kukodi mashua ya tanga mwezi Agosti na kuzunguka Mykonos na Santorini. Nimeshaenda mara mbili kutoka Ujerumani ninakoishi, na jibu langu ni hapana. Nendeni visiwa vya Saronic, karibu na Athens.

Tatizo ni meltemi, upepo wa kaskazini unaopiga Cyclades, kundi la visiwa lenye Mykonos, Santorini na Paros, Julai na Agosti. Mimi mtoto wa Tanga nimezoea kuusoma upepo kwa mawingu. Kule mbingu ni safi kabisa na bahari imechafuka. Safari ya kwanza tulikwama Paros siku tatu, kamba zinalia usiku kucha na hela ya kukodi inahesabika.

Saronic imejikinga zaidi. Mnatoka bandari ya Alimos, pale pale Athens, na kwa saa tatu au nne mko Aegina, kisiwa cha pistachio. Mkiendelea mnaingia Poros kwa mkondo mwembamba, mji kushoto na kulia, kisha Hydra ambako magari ni marufuku, mizigo inabebwa na punda na nyumbu. Mtu wa Lamu atajiona kwao.

Sasa, kinachotoa jasho si kusafiri, ni kuegesha. Kule hulazi mashua ubavu kwa ubavu na gati. Unatia nanga mbali, unarudi kinyumenyume huku mwenzako kule omo, mbele ya mashua, anaachia mnyororo, mpaka tezi, yaani nyuma yake, ikaribie ukuta, ndipo zinarushwa kamba mbili nchi kavu. Walioketi mgahawani wanakutazama kama sinema. Bandari ya Hydra ni ndogo, kwa hiyo minyororo inapandana. Asubuhi tulipong'oa nanga, ilikuja na mnyororo wa jirani. Nahodha wetu hakupiga kelele: alipitisha kamba chini ya ule mnyororo, akaifunga kwetu, akashusha nanga kidogo ikajinasua, kisha akaachia kamba. Dakika kumi. Sisi wenyewe tungeshinda pale.

Raha moja: maji kule hayajai wala kupwa kwa kiasi cha kukusumbua. Hakuna kuamka usiku kulegeza kamba.

Nahodha mtamlipa tu, maana sheria inataka mwenye cheti na msaidizi mwenye uzoefu, nanyi hamna hata mmoja. Analala humo humo na chakula chake ni juu yenu, kwa hiyo msikodi mashua yenye vitanda vinne kamili. Mkiweza sogezeni safari Septemba, upepo unapoa na maji bado yana joto.

Halafu choo cha mashua: karatasi haiingii, hata kipande. Chetu kiliziba siku ya pili, na kila mmoja akaapa si yeye. Kazi ya kuzibua niliangukiwa mimi, eti ndiye mtu wa pwani.