Wadogo zangu wa kikapu, lisomeni goti la Shaun Livingston

Wadogo zangu mnaoanza kucheza kikapu, najua mnawapenda wafungaji wakubwa. Nawaomba mumfuatilie pia Shaun Livingston, kwa sababu kuumia kutawakuta baadhi yenu.

Alitoka sekondari huko Peoria, Illinois, akaingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, moja kwa moja mwaka 2004. Los Angeles Clippers walimchukua akiwa chaguo la 4 timu zilipochagua wachezaji wapya: mchezeshaji wa mita 2, mwepesi, mwenye jicho la pasi. Tarehe 26 Februari 2007, wakicheza na Charlotte, alikimbia na mpira kwenda kufunga, akakosa, akatua vibaya kwa mguu wa kushoto. Goti likateguka. Kano ya mbele na ya nyuma zinazoshikilia goti kwa ndani zilikatika, na kile kifupa cha mbele ya goti kikahama. Alikuwa na miaka 21, na hospitalini aliambiwa huenda mguu ukakatwa.

Kwa nini ukatwe? Nyuma ya goti hupita mshipa mkubwa unaopeleka damu chini. Goti likiteguka kabisa, mshipa huo unaweza kuchanika, na mguu uliokosa damu kwa saa 6 hadi 8 mara nyingi hauokoki. Kwa hiyo mwenzenu akianguka hivyo, msimvute mguu wala msimchue. Gusa unyayo wake: una joto? Vidole vinahisi? Halafu hospitali saa hiyo hiyo, hata kama goti limerudi lenyewe. Habari ya kumpeleka kwanza kwa mzee anayejua kuchua, nawasihi, iacheni.

Baada ya upasuaji paja hunywea upesi ajabu. Zoezi la mwanzo ni hili: unakaa kitandani, mguu umenyooka, taulo iliyoviringishwa iko chini ya goti. Unakaza paja ili goti likandamize taulo, unahesabu hadi 5, unaachia. Mwanzoni msuli hutetemeka tu na taulo haibonyei hata kidogo. Nimeona vijana wenye nguvu wakitokwa machozi hapo. Endelea nalo. Na maumivu yakiisha usidhani umepona: kwa kano ya mbele, ushauri wa kawaida ni kutocheza mechi kabla ya miezi 9, na mguu ulioumia uwe unakaribiana kabisa kwa nguvu na mwenzake. Ukiitwa mapema, sema kwa heshima, "Kocha, bado."

Livingston alikosa msimu mzima wa 2007–08. Aliporudi, hakuna aliyemsubiri kama nyota. Alipita Miami, akashuka hadi Tulsa kwenye ligi ya chini, akapanda tena Oklahoma City, kisha Washington, Charlotte, Milwaukee, Cleveland, Brooklyn. Kuna mahali alipewa mkataba wa siku 10, na kuna mahali aliachwa katikati ya msimu. Miaka hii ndiyo ninayoithamini kuliko vikombe vyake, maana ndiyo iliyomtengenezea mchezo mpya. Ule mruko wa zamani haukurudi wote. Akawa anamgeuzia mgongo mlinzi mfupi, anamsogeza taratibu kuelekea kikapuni, anageuka na kutupia juu ya mikono yake. Pointi tatu alizitupia kwa nadra sana, ilhali ligi nzima ilikuwa inakimbilia huko.

Golden State walimchukua mwaka 2014. Akitokea benchi, alitwaa ubingwa 2015, 2017 na 2018. Katika mechi ya kwanza ya fainali za 2016, nyota wa timu hiyo Stephen Curry alifunga pointi 11 na Klay Thompson 9. Livingston peke yake alifunga 20. Alistaafu mwaka 2019.

Wengi husema alirudi kwa moyo. Moyo alikuwa nao, lakini mimi naona zaidi hesabu aliyoipiga: goti liliumia, ila urefu, mikono na jicho la pasi vilibaki. Nawe piga hesabu hiyo mapema, kabla hujaruhusiwa hata kukimbia. Ukishaweza kukaa, weka kiti karibu na kikapu, tupia kwa mkono mmoja ukiangalia kiwiko chako. Piga pasi ukutani kwa mkono dhaifu. Na wenzako wakicheza, kaa na daftari uandike nani anachelewa kurudi kulinda na upande gani anaachwa, umpe kocha wakati wa mapumziko.